Mgeni Aliyekataa Ugali Rwamgasa

Niliondoka kwetu Ibadakuli, Shinyanga, kwa sababu upepo ulikuwa umeezua nyumba kule Rwamgasa, mkoani Geita, na vijana wa kanisani kwetu walitafuta watu wa kujitolea kwenda kuzijenga upya. Hiyo ndiyo sababu niliyoitaja. Moyoni nilijiuliza kama naenda kwa huruma, au nimechoka tu kuulizwa, tangu nihitimu chuo, kazi nitapata lini. Mama alinikatisha: "Nenda, mwanangu. Ukisubiri umalize kufikiri, masika yatakuwa yamepita."

Isaka tulisimama kupisha malori ya mizigo. Tulikuwa nyuma ya kenta, tumekalia mabati ya msaada. Nilimwuliza dereva kama upepo hauwezi kuyanyanyua na sisi juu yake.

"Ndiyo maana tumewapandisha," alisema. "Ninyi ndio mawe."

Kuanzia Kahama kiongozi wetu alitupa semina. Neno kuu lilikuwa moja: tusiwe mzigo kwa waathirika, na chakula chao tusikiguse. Nililikariri hadi Geita.

Rwamgasa tulipokelewa na vumbi na kishindo cha makarasha, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu. Mimi nilipangwa kwa Mama Kulwa, mjane anayeishi peke yake. Kuta zake zilikuwa zimesimama, lakini kitanda kilitazamana na mbingu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibu, ingawa sina mlango wa kukukaribishia."

Upande wa ziwani wingu lilikuwa linajikusanya. Masanja, fundi wetu, alisema paa lisipokamilika siku hiyo, kuta za udongo zitayeyuka.

Mchana Mama Kulwa aliteremsha ugali na mlenda. Mafundi na majirani wakanawa. Nyumbani nisingethubutu kukataa chakula cha mtu, lakini semina ilikuwa imenivuruga. Nikasema nimeshiba, nikaenda nyuma ya ukuta kula biskuti zangu. Jirani mmoja mwanamke akanifuma mdomo umejaa.

"Jamani! Kakimbia chakula cha Mama Kulwa, anakula chake kwa kujificha! Mgeni huyu kaona nini?"

Kwa mama mwingine yangekuwa mzaha. Kwa mjane mzee wa peke yake, maneno kama hayo hugeuka tuhuma za uchawi kabla jua halijatua. Mikono ilisimama juu ya sinia. Masanja, aliyekuwa bado hajanawa, akaweka nyundo chini. "Mimi sipandi hapa mpaka nijue."

Mama Kulwa alinitazama. "Baba, sema mbele ya hawa watu. Umeogopa nini kwangu?"

Nilikuwa na majibu kadhaa, yote marefu, na yote yalianza na neno "semina". Wingu likanguruma. Nikanawa, nikakaa, nikamega tonge.

"Hilo la kuku," alisema Masanja. "Mega la mtu."

Nikamega la mtu. Mlenda ukanitiririka hadi kwenye kiwiko. Nilikula hadi sinia ikaonekana, kisha nikaomba nyongeza.

"Mwongezeeni!" Mama Kulwa alipaza sauti, akimgeukia yule jirani. "Mtoto wa watu alikuwa anakufa na njaa!"

Masanja akacheka, akala, akapanda. Bati la mwisho lilipigiliwa matone ya kwanza yakidondoka. Mimi nilishika ngazi, kuinama sikuweza.

Siku zilizofuata, kila nyumba iliyoezekwa ilitaka nile kwanza, tena uani, mbele za watu. Hakuna aliyetaka kuwa yule ambaye mgeni hakula kwake.

Asubuhi ya kuondoka nilipita kumuaga Mama Kulwa. Yule jirani alikuwa amekaa ndani, mkono kwenye sufuria ya mwenyeji wake, akilalamika kwamba chumvi ni kidogo. Mama Kulwa alikuwa anamcheka.

Njiani kurudi niliwaza kwamba mtu akikosa paa bado ana chungu chake, na chungu hicho ndicho kinachomfanya awe mwenyeji badala ya mwathirika. Nami nilitaka kumnyang'anya. Nilitafuta kasoro katika wazo hilo hadi Shinyanga. Sikuiona. Labda ni kwa sababu sehemu kubwa ya safari nililala, kwa shibe.