Kitabu Changu na Pumzi za Shangazi

Nakumbuka ilikuwa saa nne na dakika kumi asubuhi nilipomwambia daktari kwamba picha ya CT, ile ya mashine inayoonyesha ndani ya mwili, haihitajiki. Mwanangu, maneno hayo bado yananiwasha.

Shangazi aliyenilea hapa Kituntu alikuwa akiishiwa pumzi kila akipanda kutoka kisimani. Kipimo cha moyo cha ultrasound kilionyesha shinikizo la damu limepanda kwenye mishipa ya mapafu. Daktari akataka apigwe CT kwenye hospitali ya rufaa, chanzo kijulikane. Mimi, kijana niliyeishia darasa la saba na kujisomea vitabu vya tiba (kijijini waliniita dokta, nami niliitika), nilikuwa nimeshaamua: ni moshi wa kuni. Nikamkataza kupika, nikasubiri. Akili nyingi huondoa maarifa.

Miezi minane ikapita. Miguu yake ikavimba, kanisani akawa haendi tena. Siku moja nilirudi na panga, nikamwamkia shikamoo. Badala ya marahaba, akaniuliza:

"Umetoka wapi?"

"Kwa jirani, Shangazi. Migomba yake imegeuka manjano. Nimepasua mmoja nione kama ni ugonjwa wa mnyauko au ni ukame tu."

"Kumbe kupasua unajua!" Akacheka, akakohoa, akapumzika kwanza. "Mgomba wa jirani unautazama ndani. Mimi unanitibu kwa rangi ya majani, dokta wangu?"

Kesho yake tukasafiri hadi hospitali ya rufaa.

Walimchoma mkononi dawa ya kuonyesha mishipa, wakamlaza kwenye mashine muda mfupi tu. Picha zikaonyesha mabonge ya damu ya zamani yameziba mishipa ya mapafu. Moshi haukuwa chanzo. Akaanzishiwa dawa, na pumzi ikarudi kiasi, lakini moyo ulikuwa umeshachoka kusukuma. Shambani hakukanyaga tena.

"Mbona mmechelewa hivi?" daktari aliuliza.

"Kijana wangu alikuwa na kazi nyingi," Shangazi akajibu upesi, bila kunitazama.

Uongo ule wa kunisitiri, mwanangu, ulinichoma kuliko tusi.

Basi nakuusia: kujua jina la ugonjwa si kujua kilichouleta. Soma sana, ila usipoweza kuona, mpishe mwenye kifaa cha kuonea, wala usijaribie werevu wako kwenye mwili wa mwenzio. Mungu akujalie wazee wa kukukemea, na akupe masikio wangali na pumzi ya kusema.