Salamu Mbele ya Kamera

Walipotuita Gitega kutuuliza maoni, nilifurahi kama mjinga. Chuo kilitaka kuufanya upya mpango wake wa shahada ya uzamili ya elimu, ule wa kusomea mbali, ili uendane na zama za dijitali. Sisi wanafunzi, walimu wa Muyinga na wa vilimani huko ambao tulikuwa tukisoma huku tunafundisha, tukaambiwa sauti zetu ni muhimu sana. Tulikaa katika ukumbi wenye mapazia mapya, tukapewa brosheti za nyama na fanta, tukasikilizwa. Siku hizi mtu akiniambia anataka kunisikiliza, nashika mkoba wangu vizuri.

Mpango wa zamani haukuwa na la kujivunia. Masomo yalikuja kwa sauti kwenye simu, tukayasikiliza tukipika au tukienda kazini, na mtandao ukikataa unamwomba mwenzako akuwekee kwenye kadi ya kumbukumbu ya simu. Mtihani tuliufanyia ukumbini Gitega, msimamizi akisinzia mbele yetu. Safari ya kupitia Karuzi ilichosha, sikatai. Lakini ukifika umefika: unakaa, unaandika, unarudi kwenu.

Siku ile ya maoni, mwalimu mmoja wa Gashoho, aliyekulia kambini Tanzania na kurudi na Kiswahili chake kilichonyooka, alisimama akasema: "Ndugu zangu, masomo yafanyeni ya kisasa mtakavyo, ila mtihani tuacheni tuje tuufanyie hapa. Nyumbani siko peke yangu. Nina mke, nina watoto, nina majirani, na mbuzi wanaingia bila hodi."

Watu wakacheka. Mratibu wa mpango, mwanamume mpole mwenye sauti ya redio, akacheka kuliko wote.

"Mwalimu, sisi iko tunataka kukupunguzia safari," alimwambia. "Dunia yote iko inafanya hivi. Si sisi tu."

Basi, maoni yetu yakaishia hapo. Baadaye nilikuja kutambua kwamba programu ya kusimamia mtihani ilikuwa imeshachaguliwa kabla hatujatafuna brosheti ya kwanza.

Mtihani mpya ulikuwa wa kufanyia nyumbani, mbele ya kamera ya kompyuta. Programu inakutazama na kukusikiliza toka mwanzo hadi mwisho. Usigeuze macho. Usiseme neno. Asionekane mtu wa pili, isisikike sauti ya pili. Na kabla ya kuanza inakuamuru uonyeshe masikio, ihakikishe hujaficha kitu cha kusikilizia. Mimi ni mwanamke wa Kiislamu, navaa mtandio, na masikio yangu hata shemeji zangu hawayajui. Niliusukuma mtandio nyuma nikayaonyesha, la kulia, la kushoto, uso ukiniwaka kwa hasira. Nilijiambia nivumilie, umebaki mtihani huu mmoja. Shuleni kwetu nafasi ya mkuu wa masomo ilikuwa wazi, na mkurugenzi alikuwa amenitamkia mwenyewe kwamba nikileta shahada ile, kiti ni changu. Hakuna mwanamke aliyewahi kukikalia. Nilikitaka, na sioni haya kusema hivyo.

Naishi katika ua mmoja na washonaji, wachuuzi na fundi viatu. Chumbani kwangu kuna giza, na mashine iliukataa uso wangu, ikasema haiutambui. Ikabidi nihamie sebuleni, mkabala na mlango, nao mlango uwe wazi, maana mwanga wote wa nyumba ile unaingilia pale. Jana yake nilikuwa nimepita kwa kila jirani kuomba wasinipigie hodi asubuhi hiyo. Wote walikubali. Fundi viatu aliniahidi hatagonga hata msumari mmoja, na kweli hakugonga.

Sikumwambia shangazi kwa sababu hakuwepo. Shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, ndiye aliyenilea baada ya mama kufariki. Anauza vitenge sokoni. Alikuwa ameenda Gashoho kwenye msiba wa mwanamke waliyeanza naye biashara tangu wakiwa wasichana, na simu yake ilikuwa imezima. Asubuhi ile alirudi, na kabla ya kwenda kwake hata kunawa uso, alipita kwangu, kama mtu yeyote wa kwetu anavyofanya akitoka kuzika.

Somo lilikuwa uhusiano wa shule na jamii. Swali nililokuwa nalijibu liliuliza mwalimu afanye nini ili wazazi waone kwamba wanaheshimiwa. Sitanii.

Nikasikia kandambili zake uani, kisha mlangoni: "Asalaam aleikum."

Kwetu salamu hiyo kuitoa ni hiari, kuijibu ni lazima. Lakini nisijifanye mchamungu, sikufikiria dini. Sikufikiria kitu. Mama aliyenilea alikuwa amesimama mbele yangu, macho yamevimba kwa kulia. Nikamjibu.

"Waaleikumu salaam, shangazi. Pole na msiba."

Kompyuta ikawa nyekundu. Yakatokea maneno ya Kifaransa kwamba mtihani umesitishwa, imesikika sauti ya mtu mwingine. Nilibofya kila mahali. Haikufunguka tena.

"Mi nimeharibu kitu, mwanangu?" shangazi akauliza.

"Hapana, shangazi. We kaa, nikuletee maji."

Akanywa maji, akanieleza maziko yalivyokwenda, nami nikawa naitikia tu. Habari yenyewe aliipata jioni kwa washonaji. Alikuja tena, akakaa pale pale. Akauliza, kwa sauti ya mtu anayetaka kweli kujua: "Sasa salamu imekuwa kosa?"

Nilikata rufaa, nikaitwa Gitega. Walikuwa watatu nyuma ya meza, mratibu katikati. Nikaeleza yote, giza la chumba, mlango, msiba. Walitikisa vichwa kwa huruma. Mratibu alikuwa ndio kwanza ameanza kunijibu, mlango ukafunguliwa akaingia mzee mmoja, kofia mkononi. Sikuhitaji kuambiwa ni nani, maana wote watatu waliruka kutoka vitini. Alikuwa mwalimu wao wa zamani, amestaafu siku nyingi. Mratibu alimpokea kwa mikono miwili, akainama. Wakasalimiana: Amahoro? Amahoro. Wakamuuliza habari za mke, za watoto, za mguu wake unaomsumbua, za mvua huko kwao Buraza. Mimi nami nilisimama nikamsalimu, maana ni mzee, na hakuwa amenikosea chochote. Alipotoka wakakaa, wakapanga karatasi zao.

"Bon, tulikuwa wapi?" mratibu akasema. "Ah, ndio. Madamu, sisi tunakuelewa kabisa. Lakini mtihani ni mtihani. Ungemnyamazia tu mama kidogo, angeelewa."

"Na nyinyi mbona hamkumnyamazia mzee?"

Alinitazama bila ubaya wowote. Hilo ndilo lililoniuma zaidi, kwamba hakuwa mtu mbaya.

"Hapa haiko kamera, madamu," akasema.

Niliwachukia wote watatu. Rufaa ikakataliwa, nikaambiwa nirudie somo lote mwaka unaofuata. Kiti cha mkuu wa masomo akapewa mwanamume aliyekuwa na shahada tayari. Yule mwalimu wa Gashoho hakungoja kukataliwa, aliacha masomo mapema. Aliniambia kwenye simu kwamba kambini walisoma chini ya turubai, na hata huko mwalimu alikuwa anauliza kwanza mama zao wameamkaje. Amerudi kwenye mahindi yake, na akisikia neno dijitali anabadilisha mazungumzo.

Mimi nilirudia. Nilinunua taa kubwa, nikafunga mlango kwa ufunguo mchana kweupe, jambo ambalo ua wetu haujawahi kuliona. Shangazi alijiweka mwenyewe nje, kwenye kigoda, akawa anawarudisha watu. Nilimsikia kupitia mlangoni akinong'ona: "Msisalimu, msisalimu, mtoto iko na mtihani." Nilifaulu. Karatasi yangu ya shahada imewekwa kwenye fremu, na cheo changu shuleni ni kile kile.

Juzi mchana nilikuwa sebuleni, mlango wazi, natazama picha za harusi ya binamu yangu kwenye kompyuta. Nikainua macho. Shangazi alikuwa amesimama nje ya kizingiti, kandambili mkononi ili zisilie. Sijui alikuwa pale tangu saa ngapi.

"Karibu, shangazi," nikamwambia.

Hakuitika. Aliinyooshea kompyuta kidole, akagusa sikio lake kuniuliza kama inasikia. Nikaifunga. Akaivizia kidogo, kuhakikisha imelala kweli, ndipo akatoa salamu.