Sahani ya Sebastiani

Kabla hujaenda kupanda basi lako stendi ya Msamvu, mwanangu, kaa kidogo nikusimulie. Ipo siku moja naikumbuka sana, nikiwa na mimba yako, nikipika kwa mama mkubwa Mwanaidi kule Turiani. Tuliwalisha wakata miwa waliotoka mikoa ya mbali, na wengine ng'ambo ya mpaka. Mimi Mluguru wa mlimani niliwaita wote wageni, ingawa wali wangu waliusifia kuliko baba yako alivyowahi kuusifia.

Mmoja wao alikuwa Sebastiani, aliyetoka Burundi akiwa mdogo. Mwenzake alijikata vibaya na panga, naye akaenda kumtolea damu. Alirudi amenyong'onyea. Damu yake imekataliwa, alisema, ina virusi vya homa ya ini aina ya B.

Kufikia mchana kambi nzima ya wakata miwa inajua, na watu wanasema wageni ndio wanaoleta maradhi. Mteja mmoja akaninong'oneza, "Dada, sahani yake iweke kando." Nikaiweka, maana niliogopa kwa ajili yako. Sebastiani aliona, akala amegeukia ukutani.

Mama mkubwa hakugomba. Yeye alikuwa mtu wa kuuliza. Hata dawa ya kikohozi hanywi mpaka aambiwe imetengenezwa na nini. Kesho yake alijifunga kanga, akamwambia Sebastiani, "Twende hospitali, baba. Nataka kujua huu ugonjwa unapita wapi." Nami nikawafuata.

Tulimkuta nesi, binti mdogo tu. Alipomaliza kutuamkia, maswali ya mama mkubwa yakaanza.

"Kwenye sahani unapita?"

"Hapana, mama. Wala kwenye kikombe, wala kwa kupeana mikono."

"Sasa unapita wapi?"

"Kwenye damu. Wembe mmoja kunyolea watu wengi, sindano zisizo salama. Mambo ya kitandani pia. Na mama anaweza kumwambukiza mtoto wakati wa kujifungua."

"Na mwenye nao anajijua?"

"Wengi hawajui. Mtu anakaa nao miaka haumwi popote, kumbe ini linaharibika."

"Haya. Basi mmejuaje kwamba unaletwa na wageni?"

Nesi akatabasamu. "Sisi hatujasema hivyo, mama. Huyu tumempima kwa sababu alikuja kutoa damu."

Mama mkubwa akapandisha mkono wa gauni. "Nipime na mimi. Na huyu mwenye tumbo."

Yeye hakuwa nao. Mimi, niliyekuwa sijawahi hata kutoka nje ya mkoa huu, nilikuwa nao.

Nililia, mwanangu. Niliona nimekudhuru kabla sijakuona. Aliyenibembeleza ni Sebastiani yule yule: "Dada, mtoto bado hajazaliwa. Msikilize nesi." Nesi akaeleza kwamba mtoto akichanjwa mara tu anapozaliwa, ana nafasi kubwa ya kuepuka. Tulipanga mapema, ukazaliwa hospitali ya mjini yenye chanjo hiyo, ukachomwa sindano siku hiyo hiyo, na nyingine zikafuata kliniki. Ulipopimwa baadaye, hukuwa nao. Mimi bado nahudhuria kliniki, na nguvu za kukusumbua ninazo.

Mara nyingi najiuliza: kama Sebastiani asingekwenda kutoa damu, nani angenipima mimi?

Sasa wewe unakwenda kutafuta kazi mbali, na huko mgeni utakuwa wewe. Wembe wako uwe wako. Ukipata mchumba, nendeni mkapime pamoja. Akiwa hana ugonjwa huu, achanjwe, na akiwa nao, mwende naye kliniki bila kumnyanyapaa. Akishika mimba, apime mapema. Na ukisikia watu wanasema ugonjwa umeletwa na fulani, waulize wao wamepima lini.

Nenda salama, mwanangu. Mungu akufungulie njia, akukinge na maradhi, na huko uendako akupe watu watakaokula nawe sahani moja.