Fomu ya Karimi Niliyoikalia

Kuna Jumatatu moja ambayo haijanitoka akilini, mwanangu, na leo nitakusimulia kwa sababu umenijia hapa mtaani Majimbo na swali zito. Umepewa wodi uisimamie, na kabla hujazoea hata kiti, wauguzi wako wawili wanaomba barua za kwenda kufanya kazi ng'ambo. Umekasirika, na unaniuliza ufanyeje. Keti, unywe chai. Nitakuambia nilichofanya mimi, nawe usinifuate.

Nilikuwa na miaka thelathini na mitatu, msimamizi wa wodi ya wazazi katika hospitali ndogo upande wa Runyenjes. Tulikuwa wauguzi wanne kwa zamu zote. Aliyetushinda sote kwa kazi alikuwa Karimi, msichana wa kutoka Meru. Akina mama walifika na uchungu wao wakiuliza kwanza, "Karimi yuko?" Nilimpenda kama mdogo wangu. Hilo nalo nililisema sana baadaye, kujitetea.

Jumatatu hiyo alinijia na fomu. Alikuwa amepita mahojiano ya hospitali moja ya Uingereza, imebaki tu mimi nithibitishe kazi yake na mkuu wetu atie sahihi.

"Sista Ruguru, wamenipa wiki tatu," akaniambia, uso unang'aa. "Nikienda, wadogo zangu watasoma."

Nikampa hongera. Alipotoka, nikaisukuma ile fomu chini ya rejista kuukuu kabatini, na huko ikakaa.

Sikuwa na chuki, mwanangu. Nilikuwa na hofu. Nilijua akiondoka sitaletewa mwingine, maana nafasi za kuajiriwa zilikuwa zimefungwa, ingawa vijana waliosomea uuguzi walikuwa wamejaa vijijini wakichuma majani chai ya wazazi wao. Kila Karimi alipouliza, nilimjibu, "Mkuu bado hajasaini." Mkuu hata hakujua kuna fomu. Na Jumapili nilisimama kwenye kwaya nikaimba vizuri tu.

Wiki tatu zikapita. Karimi alilia siku moja, kesho yake akafunga aproni akaendelea kuzalisha. Nami nikajiona nimeiokoa wodi.

Mwaka haukuisha kabla ya mradi uliokuwa ukimlipa kufika mwisho, kwani yeye alikuwa wa mkataba. Aliambiwa Ijumaa kwamba Jumatatu asirudi. Na mimi, niliyedai siwezi kuendesha wodi bila yeye, sikuandika hata mstari mmoja wa kumtetea. Niliogopa kuitwa mkaidi. Kwa hiyo Uingereza nilimnyima, nyumbani nako akakosa, na wodi ikabaki bila yeye vile vile.

Nilipostaafu ndipo nikapata ujasiri wa kwenda Meru kumtafuta. Nilielekezwa soko la Gakoromone. Nilimkuta nyuma ya magunia akimenya minji, njegere za kuuza, kichwa kimejaa mvi. Alinitambua mara moja, akageuza ndoo nikalie. Nikaanza kueleza habari ya fomu, akanikatiza.

"Hiyo fomu niliiona, Sista," akasema bila kuinua sauti. "Siku nilipokuwa nikipanga kabati. Wiki tatu zilikuwa zimeshaisha."

"Na ukanyamaza?"

"Nilikuwa nangoja useme wewe." Akamenya maganda mawili matatu. "Ungeniambia tu, 'Karimi, usiende sasa, tutalemewa,' tungeongea. Labda bado ningeenda. Lakini ningejua wewe ni rafiki."

Nikamwomba msamaha. Alisema alinisamehe zamani, na ninamwamini. Ila mteja alipofika aliinuka kumpimia, na alipomaliza hakurudi kuketi karibu nami. Leseni yake ya uuguzi iliisha muda miaka mingi iliyopita. Tangu Ijumaa ile hajampokea tena mtoto wa mtu.

Sasa sikiliza, mwanangu. Fomu za hao wawili zijaze kesho, na uandike ukweli wa kazi yao. Kama unawahitaji, waambie usoni, kisha uwaachie uamuzi. Waombe wafundishe wenzao kabla hawajaondoka. Muuguzi mzuri hakatai hilo. Halafu hiyo hasira yako ipeleke kwa wenye kuajiri. Andika barua, nenda ofisini kwao, urudi tena, useme wazi kwamba hatuwezi kuwalaumu wanaoondoka wakati wengine waliohitimu wanakaa nyumbani bila kazi. Watakuchoka. Wakuchoke. Mimi nilimzuia aliye chini yangu kwa sababu ilikuwa rahisi kuliko kumkabili aliye juu yangu, na hilo ndilo linaloniuma hadi leo, hata kuliko ule uongo.

Mungu akufanye mwepesi wa kutia sahihi na mzito wa kudanganya. Awafunike wanaokwenda kwenye baridi ya ugenini, na hapa awalete wa kushika zamu zao. Nawe uzeeke vizuri, mwanangu, na siku utakayokutana na uliowasimamia, wasogee wakupishe mahali pa kukaa, nao wakae nawe.