Foki ya Baba Mkwe

Kuna wanawake ambao waume zao huwaletea mke mwenza. Wangu aliniletea tangi la pikipiki. Aliingia nalo amelikumbatia, limejaa kutu na kinyesi cha kuku, akaniuliza, "Unalijua hili?"

Nikamwambia, "Nalijua, ni uchafu, litoe kwenye zulia langu."

Nilidhani atacheka. Akakaa chini palepale mlangoni, tangi mapajani, na mume wangu si mtu wa kulia, lakini nilimwona akijifuta macho kwa kiganja chenye kutu. Lilikuwa tangi la pikipiki ya marehemu baba yake.

Mume wangu ni fundi bomba. Mtaa mzima wanamwita Koki, na mimi nikikasirika namwita hivyohivyo. Baba yake naye alikuwa fundi bomba, na alimwachia vitu viwili: sanduku la spana na msemo. Msemo wenyewe ni huu: kisichovuja ni kizima. Koki anaula na kuulalia msemo huo. Akimaliza kuunga bomba hufungulia maji, hujivutia kigoda na kukitumbulia macho kiungio mpaka aridhike. Hakivuji? Basi kizima, twende zetu. Nyumba tunayokaa aliijenga mzee, na jikoni kwangu vipo viungio vya shaba ya njano alivyochomelea kwa mkono wake. Kila kimoja kina kijimkia mwishoni, pale alipoinua moto na kuacha tone la shaba likining'inia. Koki naye anamaliza kazi zake hivyohivyo. Ukimuuliza kwa nini, anasema ndivyo alivyoona kwa mzee.

Mzee alifia kwenye pikipiki hiyo. Asubuhi moja alikuwa anakwenda kazini, akafika kwenye kalavati la barabara ya kiwandani, pikipiki ikamtupa. Hakukuwa na gari wala mbwa aliyekatiza. Watu wakasema alikuwa amelewa. Mama mkwe wangu akasema ni husuda ya majirani. Akaita mtu wa vyuma chakavu, akamsimamia uani mpaka akaifungua pikipiki yote, na kila kipande akakigawa kwa mtu wake, huyu huku na yule kule, isije ikasimama tena duniani. Koki alikuwa kijana mbichi siku hiyo. Alisimama pembeni akitazama, na nadhani ndipo alipoanza kuijenga, kichwani.

Basi baada ya tangi, nyumba haikukalika. Tangi lilikuwa la kunyweshea kuku wa mfugaji mmoja. Kiti alikikuta kwa kinyozi, wateja wanakikalia wakisubiri zamu. Injini ilikuwa inazungusha mashine ya kukoboa, na mwenyewe hakuiachia mpaka Koki alipomfungia mabomba nyumba nzima. Gurudumu la nyuma lilikuwa juu ya kisima cha watu, limegeuzwa kapi la kamba. Banda letu la mabati nyuma ya nyumba, lililokuwa la mabomba, likawa wodi ya mgonjwa mahututi: usiguse, usifagie, usiongee kwa sauti. Nikipeleka chai namkuta anabembeleza kabureta. Mwanzoni mimi nilifurahi, kwani nini? Mume akikaa bandani kwake, angalau unajua alipo.

Mama mkwe hakufurahi. Alikuwa anakaa kibarazani na ungo wake, na kila kipande kikipita getini mikono yake inasimama.

"Mimi nilitawanya," anasema, "wewe unakusanya. Unamkusanya nani, mwanangu?"

"Mama, chuma hakina kisirani."

"Haya. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu."

"Basi nitachechemea, mama."

Tukacheka, mama mwenyewe akacheka kidogo. Lakini bandani hakukanyaga, hata siku mvua ilipomkuta uani.

Mwisho wa yote ikapatikana foki. Foki ni ile miguu miwili ya chuma inayolishika gurudumu la mbele. Hiyo ikikuacha, umeachwa na kila kitu. Muuza maji mmoja alikuwa ameifanya mpini wa mkokoteni wake. Koki aliiona barabarani akaacha kazi ya watu, akamkimbilia. Akarudi nayo begani, anapiga mluzi. Kwenye mguu mmoja, chini kidogo ya shingo, palikuwa na uvimbe wa kuchomelea, wa kijivu, mbaya kama kovu la tambazi.

"Hapa pana nini?" nikauliza.

"Ah, mtu wa mkokoteni alipaunga. Imesukuma mapipa ya maji miaka yote hii, mke wangu, itashindwa kunibeba mimi?"

Halafu akafanya alichofundishwa. Mguu wa foki ni bomba, una uwazi ndani. Akauziba chini kwa kizibo cha mpira, akaujaza maji, akauning'iniza kwenye boriti ya banda. Akavuta kigoda. Tukanywa chai, tukamaliza, tukasubiri. Hata tone.

"Umeona?" akasema, na uso wake ulikuwa wa mtoto. "Kizima."

Mimi ni fundi cherehani. Vyuma sivijui wala sijidai. Lakini nguo naijua, na nguo iliyotiwa kiraka haichaniki kwenye kiraka. Inachanika ukingoni, pale sindano ilipopita sana. Suruali za wanaume wa mtaa huu zimenifundisha hilo mpaka basi. Kwa hiyo Koki alipokwisha kuipaka foki rangi nyeusi inayong'aa, akaniita nipime pikipiki niishonee turubai, macho yangu yalikwenda yenyewe kwenye ukingo wa ule uvimbe. Palikuwa na kijistari. Chembamba kama unywele, rangi ya chai ya rangi, kimezunguka ukingo wote.

Nikamwonyesha. Akakwangua, akapaka tena. Turubai lilipokamilika nikaenda kulivalisha, na kijistari kilikuwa kimerudi, palepale.

"Koki, usipoziba ufa utajenga ukuta."

"Nimeuziba! Na rangi juu!"

"Unajitokeza tena."

"Ni kutu ya juujuu. Nimeipima kwa maji, ulikuwepo, ulikunywa chai yangu."

Niliogopa. Nasema wazi, niliogopa mpaka cherehani ikanishinda, nikashona mikono ya gauni la mteja ndani nje. Kila nikimwona amekaa juu ya kile kiti, injini haijawashwa hata, anazungusha usukani kwa upole, nilikuwa nakitafuta kijistari kwa macho. Nilimwomba amwite fundi wa kuchomelea aitazame. Akasema hawezi kuita mtu aje kumpima baba yake.

Ndipo nikachoka, nikampandishia sauti uani mchana kweupe: "Foki hiyo itakuua!"

Lo! Sikujua mama yuko nyuma yangu. Alidondosha ungo.

"Umesikia!" akapiga kelele. "Umesikia, mwanangu? Hata mkeo ameoneshwa!"

"Sijaoneshwa, mama. Nimeona. Kwa macho."

"Ndiyo! Ameona!"

Kuanzia hapo nilikwisha. Mimi nasema ufa, mama anasema marehemu anadai vyuma vyake, na Koki anatusikia sote wawili kwa sikio moja. Miaka na miaka alikuwa amejifunga kibwebwe kuonyesha kuwa pikipiki ya baba yake haina mkosi. Sasa mkewe naye amejiunga na wenye mikosi. Alinitazama kwa huzuni hasa, si kwa hasira.

"Na wewe?" akasema. "Nilidhani wewe una akili."

Sasa sikiliza kilichonimaliza nguvu. Tuna binti mmoja, wa pekee. Alikuwa amepata kazi ya kufundisha chekechea ng'ambo ya kiwanda, na njia ya kwenda huko ni ile ile ya kalavati. Koki akaamua kwamba safari ya kwanza ya pikipiki itakuwa ni kumpeleka mwanawe siku yake ya kwanza ya kazi.

"Nitampitisha palepale alipoangukia babu yake," akaniambia. "Watu waone. Waone kuwa pikipiki ilikuwa nzima, na mzee hakuwa mlevi."

Niliongea na binti. Akanishika mashavu kama mimi ndiye mtoto. "Mama jamani, usimharibie baba. Umemwona alivyo siku hizi? Amekuwa mwepesi." Na kweli alikuwa amekuwa mwepesi. Nikamshonea gauni la kazi, la buluu, nikawa nashona naona mambo mengine kabisa. Mume na mtoto, kiti kimoja, kalavati lilelile. Nikajiambia, wewe mwanamke, ukikaa kimya utakuja kuwavua hizi nguo ulizowashonea.

Asubuhi yenyewe ikafika. Injini iliitikia teke la kwanza, uani kukajaa moshi na harufu ya petroli, majirani wakachungulia juu ya ukuta. Ilikuwa nzuri, nisiseme uongo. Nyeusi, tangi jekundu, inanguruma kwa kifua. Mama aliingia ndani akafunga dirisha. Binti alikuwa tayari amekaa nyuma, mkoba begani, ameshika kiuno cha baba yake.

"Shuka," nikamwambia.

"Mama..."

"Nimesema shuka!"

Akashuka. Koki akageuka, na sura yake ikaanza kukunjana. Nikamwahi.

"Sikuzuii, baba. Unasema ni nzima? Nibebe mimi kwanza. Mpaka nje ya geti, upande lile tuta, ugeuze urudi. Nikirudi salama mchukue mwanao mwende hata mwezini, na mimi sitafungua mdomo tena juu ya foki mpaka nife."

Akanitazama toka juu mpaka chini, na akashindwa kujizuia. "Wewe? Kiti kitalia."

"Kilie."

Majirani wakacheka. Mimi si mwepesi, Mwenyezi alinijalia, na siku hiyo kwa mara ya kwanza maishani nilimshukuru kwa kila kilo. Nikapanda. Nikamshika Koki nikausikia moyo wake ukienda mbio kwa furaha, na nikamwonea huruma, maana alidhani nimempa baraka.

Pale getini kuna tuta la saruji alilofunikia bomba la majitaka, kalitengeneza mwenyewe. Alilijia polepole, mtoto wa miaka minne angetupita. Gurudumu la mbele likapanda. Likashuka. Nikasikia ta! sauti ndogo tu, ya uzi mnene unaokatika. Pikipiki ikapiga magoti. Koki akaruka juu ya usukani akatua kwa mikono, mimi nikaanguka ubavu, na chuma chote kikanilalia mguu.

Ulivunjika chini ya goti, niliusikia. Asiyesikia la mkuu alikuwa Koki, guu likavunjika langu. Methali nazo zina upendeleo. Binti alikuwa anapiga mayowe, na mimi nilikuwa natazama gauni la buluu limesimama wima kwenye geti, halina hata vumbi, nikawa nasema asante, asante, watu wakadhani naweweseka.

Koki alitambaa akaja. Viganja vimechubuka, anasema, "Mke wangu, mke wangu, nisamehe," akainua pikipiki peke yake na kuisukumia kando. Hapo ndipo kile kipande cha foki kilipobingirika mpaka karibu na uso wangu. Akakiokota. Tukakitazama pamoja, yeye amepiga magoti, mimi nimelala.

Kile chuma cha kijivu cha mtu wa mkokoteni kilikuwa kimebanduka kama ganda. Chini yake palikuwa na kiungio kingine, cha zamani zaidi. Shaba ya njano. Shaba ya fundi bomba, ya kuzuia maji, si ya kubeba mtu. Ilikuwa imepasuka siku nyingi, weusi umeingia ndani. Na pembeni mwa shaba hiyo, pale moto ulipoinuliwa, palikuwa na kijimkia.

Koki alikigusa kwa kidole gumba. Sikuhitaji kumweleza. Foki ya mzee iliingia ufa, na mzee akaiunga mwenyewe kama anavyounga bomba. Akaijaza maji, akavuta kigoda, haikuvuja. Akapanda akaenda kazini. Hapakuwa na pombe wala husuda ya mtu.

"Baba," Koki akanong'ona. Hilo tu.

Mlango ukafunguliwa. Mama mkwe alikuja anakokota ndala moja, akaona mguu wangu, akaona mjukuu wake mzima, akaona chuma mkononi mwa mwanawe. Amepika miaka yote chini ya viungio vile vya jikoni, anavijua kuliko mimi. Koki akafumba kiganja.

"Ilikuwa imeungwa?" mama akauliza. "Niambie kweli. Tangu zamani?"

"Tangu zamani, mama."

"Nani aliiunga?"

"Fundi tu, mama. Fundi mmoja wa zamani."

Mama akainua mikono yake miwili mbele ya majirani wote. "Mungu amlaani fundi huyo," akasema. "Popote alipo, asipumzike. Aliniulia mume wangu, na leo alitaka kunimalizia wanangu. Semeni amina."

Binti yetu akasema amina. Majirani wakasema amina. Koki aliinamia mguu wangu, kiganja bado amekifumba, akajifanya anatafuta mahali palipovunjika.