Kifua Kilipokataa Jembe

Mwanangu, ipo asubuhi moja ambayo hadi leo nikiikumbuka nashusha sauti. Nilikuwa mke mgeni katika nyumba ya watu Koboko, mume wangu dereva wa lori, yuko safarini Juba. Nilikuwa nimetoka hospitali Arua, nilikolazwa kwa nimonia. Daktari aliniruhusu akisema nimalize vidonge na nipumzike, maana mapafu hayaponi upesi kama homa.

Nyumbani walinipokea vizuri. Lakini siku zikapita, nikaanza kutembea, nikaanza kucheka, na mtu anayecheka, nani atamwona mgonjwa? Wifi yangu Zaitun akawa anapita mlangoni na kusema, kama anajisemea mwenyewe: "Wengine wanalala tu, na kazi iko." Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Ila mimi nilikuwa mgeni, ningemjibu nini?

Basi asubuhi hiyo walipokuwa wanakwenda shambani Midia kupalilia karanga, nikachukua jembe nikawafuata. Mama mkwe wangu akanitazama.

"Umepona?"

"Nimepona, mama."

Akatangulia njiani.

Jua lilikuwa bado halijawa kali. Nilipalilia mstari mmoja, nikaingia mwingine, ghafla ikawa kama mtu amenichoma kisu ubavuni. Nikavuta pumzi, haikuingia. Nikavuta tena. Nikaona udongo unanijia usoni.

Nilimsikia mama mkwe akipiga kelele: "Mkalishe, usimlaze! Tazama mdomo yake, iko nyeusi!"

Zaitun akatimua mbio kwenda barabarani kutafuta boda. Wakanipandisha, mama mkwe akakaa nyuma yangu, akanifunga kwake kwa leso kama mama anavyofunga mtoto, nisianguke. Barabara ile, mwanangu! Kila shimo lilininyang'anya ile pumzi kidogo niliyoipata. Macho yakaanza kujifumba.

"Usilale!" akanifokea sikioni. "Vuta pole pole. Vuta na mimi."

Nikahisi kifua chake kinapanda mgongoni mwangu, nami nikajaribu kupanda nacho. Kikishuka, nashuka. Hivyo hivyo mpaka Koboko.

Hospitali wakanitia mpira wa oksijeni puani, wakanichoma sindano. Ugonjwa ulikuwa umerudi. Mama mkwe hakubanduka kitandani pangu. Nilipoweza kusema, akaniuliza, "Kwa nini hukusema nguvu bado?"

"Niliogopa mtasema mimi ni mvivu."

Zaitun alikuwa amesimama mlangoni na chupa ya uji. Akainamisha uso. Mama mkwe akasema, "Mtoto yangu, nyumba ambayo mgonjwa anaogopa kusema amechoka, hiyo nyumba iko mgonjwa kuliko yeye."

Nilipona, ndiyo maana unanisikia. Safari hii nilipona taratibu, na Zaitun ndiye aliyeninyang'anya ufagio kila nilipoushika.

Wahenga walisema mficha ugonjwa kifo humuumbua. Kwa hiyo ukitoka hospitali, maliza dawa, na ukichoka sema umechoka, hata mbele ya wakwe. Lakini wewe uliye mzima ndiye ninayekuomba zaidi: usimpime mgonjwa kwa macho. Muulize, kisha ungoje jibu la pili, kwa sababu la kwanza mara nyingi huwa la adabu tu.

Mola akupe pumzi ndefu, mwanangu, na akujaalie watu ambao mbele yao huoni haya kuwa dhaifu. Amin.