Kalamu za Sukari

Ilitangazwa rasmi, kwa manufaa ya umma na ya kizazi kijacho, kwamba ni marufuku kutengeneza, kuuza au kumpa mtoto peremende yenye umbo la sigara. Kwa kuwa mtoto huiga anachokiona, na umbo baya likizoeleka mdomoni huzaa tabia mbaya maishani. Tangazo lilibandikwa nje ya ofisi ya ustawi wa watoto, ubavuni mwa mlango, pale ambapo watumishi husimama kuvuta sigara.

Mtaani aliyeguswa alikuwa mtu mmoja tu, mzee aliyejulikana kwa watoto na wazazi wao kama Babu Pipi. Chumba chake cha kazi kilikuwa uani: jiko, sufuria nzito, meza ya jiwe iliyopakwa mafuta, na ndoano ya chuma ukutani. Sukari ikiiva aliitundika kwenye ndoano ingali ya moto, akaivuta, akaikunja, akaitundika tena, mpaka ikaacha ukahawia ikawa nyeupe kama karatasi. Kisha aliiviringisha, akaikata kwa mkasi, na kila kijiti akakipaka ncha nyekundu kwa unyoya wa kuku. Kiwandani, alisema, wanachovya tu. Yeye alipaka, na nyuma ya wekundu akaongeza kijivu chembamba, kiasi kwamba watoto walikuwa wanakung'uta majivu yasiyokuwepo. Mwenyewe hakuwahi kuvuta hata mara moja. Moshi unaua ulimi, na bila ulimi fundi wa peremende ni mpishi wa uji.

"Sasa utafanya nini, mzee?" mkewe alimuuliza. "Ufuge kuku?"

"Kuku si ninao."

"Unao unyoya."

Mzee aliingia kazini. Siku nzima alishinda uani, na alipotoka alikuwa na boksi la vijiti vilevile vyeupe, ila sasa vimechongoka, ncha ya buluu, na upande wa pili kifuniko kidogo cha sukari chenye kishikizo chake.

"Kalamu," alisema. "Nani atasimama mbele za watu aseme kalamu ni mbaya?"

Mkewe alikubali kwamba hapo mume wake amecheza.

Lakini ilitakiwa kibali, na bila kibali hakuna duka litakalopokea mzigo. Akabeba boksi kwenda ofisini, akiongozana na mjukuu wake aliyeitwa Bosi, jina alilolipata kabla hajaota meno kwa namna alivyoendesha nyumba. Shule zilikuwa zimefungwa, na bibi yake alihitaji kupumua.

"Rudi kesho, mzee," alisema karani bila kuinua macho.

Kesho yake mkubwa alikuwa kikaoni. Mlango wake ulikuwa wazi nusu, na kikao kilionekana: mkubwa peke yake na sahani ya karanga.

Safari ya tatu karani alijinyoosha shingo, kushoto, kisha kulia, akashusha pumzi. "Faili lako liko chini kabisa, mzee wangu. Kulitoa ni kazi nzito."

Babu Pipi, mtu wa sufuria nzito, alikunja mikono ya shati. "Nionyeshe kabati, mwanangu. Nitalitoa mwenyewe."

Karani alimtazama kwa huruma, kama daktari anavyomtazama mgonjwa asiyeelewa ugonjwa wake. Bosi akamvuta babu yake shati.

"Babu, anataka boksi."

"La nini? Si ni sampuli?"

"Mpe tu, babu."

Boksi likawekwa mezani. Karani alionja moja, akatikisa kichwa taratibu, akalisukuma lote kwenye droo, kwa uchunguzi. Faili lilikuwa kwenye droo hiyohiyo, juu kabisa. Mhuri ukagongwa.

"Hongera, mzee," alisema. "Hii inajenga taifa."

Kibali kikatundikwa uani, karibu na ndoano. Kalamu zilitoka kuliko sigara zilivyowahi kutoka. Hata walimu walizinunua, eti za watoto.

Alasiri moja mzee alisikia sauti kibarazani, akachungulia. Bosi alikuwa amekalia ndoo iliyopinduliwa, kalamu ya sukari sikioni, boksi la viatu mapajani. Mbele yake watoto wa mtaa wamepanga foleni.

"Rudi kesho," Bosi alimwambia wa kwanza.

"Kesho yenyewe ndiyo leo. Jana ulisema kesho."

"Mkubwa yuko kikaoni." Alinyoosha shingo, kushoto, kisha kulia, akashusha pumzi. "Na faili lako liko chini. Unajua uzito wake?"

Mtoto akatoa kalamu yake mfukoni, mpya, haijalambwa. Bosi akaionja, akaitia kwenye boksi la viatu, akamgonga mwenzake mhuri wa kizibo cha soda mkononi.

"Hongera. Hii inajenga taifa. Mwingine."

Mzee alimwita mkewe kwa kidole, aje waone wote wawili.

"Kamfundisha nani huyu?" mkewe alinong'ona.

"Nani amfundishe? Kaona mara moja tu." Kifua kilimjaa kama siku ile ncha ya kwanza ya sigara ilipokubali kijivu. "Angalia hiyo shingo. Hajakosea hata kidogo."

Sigara za sukari, tangu tangazo lile, hakuna mtoto aliyeziulizia tena.